Daktari Aliyehesabu Vifo vya Akina Mama

Katika hospitali kuu ya Vienna zilikuwako wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilifundisha madaktari, ya pili wakunga, na akina mama walipokelewa kwa zamu, leo hii, kesho ile. Mwaka 1846, katika kila mama 100, wodi ya kwanza ilipoteza 11, ya pili hata 3 hawakufika; wengi waliuawa na homa ya uzazi. Mji mzima ulijua. Mama aliyepangiwa wodi ya kwanza alipiga magoti akiomba asiingizwe.

Ignaz Semmelweis, Mhungaria aliyezaliwa Buda mwaka 1818, alikuwa daktari msaidizi wa wodi hiyo. Wakubwa walilaumu hewa. Yeye aliona kwamba hewa ya wodi zote mbili ni moja. Akajaribu sababu moja moja. Hata padre, aliyepita na kengele akiwapelekea Sakramenti wanaokufa, alishukiwa kuwatia wagonjwa hofu, akaombwa apite kwingine bila kengele. Sisi mapadre hatuna kinyongo: ilipasa kila kitu kichunguzwe. Vifo havikupungua.

Machi 1847 rafiki yake, Profesa Kolletschka, alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Semmelweis alipoisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake, aliona ugonjwa ule ule wa akina mama. Basi ni mikono ya madaktari, na yake pia, iliyochukua mauti kutoka chumba cha maiti. Katikati ya Mei akaamuru kila mmoja anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikufa 18 katika 100. Juni 2 tu. Mwaka 1848 miezi miwili ilipita bila kifo.

Hata hivyo wakubwa wengi walikataa, maana ni uchungu kukiri kwamba mkono wa mganga umeua. Naye, twaona, alikosa: alikawia zaidi ya miaka kumi kutoa kitabu chake, kisha akawaita wapinzani wake wauaji katika barua za wazi.

Mwaka 1865 alipelekwa kwa hila katika nyumba ya wenye wazimu huko Vienna. Akafa tarehe 13 Agosti, mwenye miaka 47, kwa kidonda kilichooza. Siku moja kabla, huko Glasgow, Daktari Lister alikuwa ametia dawa ya karboliki katika jeraha la mtoto aliyevunjika mguu, na mtoto yule akapona.