Akii-Bua, bingwa aliyepangiwa njia mbaya



Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi skuli kanuna. Hapa kwetu Hail, baada ya Laasiri, watoto hushuka pwani kucheza mpira. Siku hiyo hata mlangoni hakutoka. Nilipomdadisi nikaelewa: siku ya michezo imekaribia, wamepiga kura, naye kaangukia njia namba moja katika mbio za mita 400. Ati njia hiyo ni ya ndani kabisa, kona yake kali, na wenzake wote wanaanza mbele yake. Keshashindwa kabla hajavaa viatu.

Nikamwambia akae nimpe habari za John Akii-Bua wa Uganda. Hamjui. Nikamuuliza mama yake, naye hamjui. Basi nikaona niandike na hapa, maana sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tumelisahau jina hilo, na watoto waliozaliwa huku hawajapata kulisikia.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Disemba 1949 katika kijiji cha Abako, nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Katika nyumba ya watu wote hao hakuna anayedekezwa. Alichunga ng'ombe, alisoma kidogo, na baba yake alipofariki akaacha skuli. Baadaye akaenda Kampala akajiunga na polisi, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Alianza na viunzi vya mita 110, kisha kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold, akamhamishia mita 400 kuruka viunzi.

Kwa asiyezijua mbio hizo, ni mzunguko mmoja kamili wa uwanja na viunzi kumi njiani, kila kimoja kimo chake sentimita 91. Mkimbiaji anakwenda mbio huku akihesabu hatua baina ya kiunzi na kiunzi. Akikosea hesabu, atajikwaa au itabidi apunguze mwendo. Na viunzi vya mwisho vinamkuta pumzi zimekwisha na miguu imekuwa mizito.

Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alitoka wa nne, bila medali. Akarudi Uganda akaongeza mazoezi: alikimbia huku amevaa fulana yenye vyuma vya uzito, na akaruka viunzi virefu kuliko vya mashindano.

Fainali ya Olimpiki ilikuwa Munich, tarehe 2 Septemba 1972. Mwenye rekodi ya dunia alikuwa Mwingereza David Hemery, aliyekimbia sekunde 48.12 kule Mexico mwaka 1968, na alikuwepo siku hiyo kuutetea ubingwa wake. Mmarekani Ralph Mann naye alikuwepo. Akii-Bua akapangiwa njia namba moja, ile ile ya mjukuu wangu. Kwa mruka viunzi njia hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kona ikiwa kali inamvuta mtu nje wakati anajaribu kuruka sawasawa.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua hakubabaika, akaendelea na hesabu yake. Kwenye mstari wa mwisho alimpita na kumaliza peke yake kwa sekunde 47.82. Alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Mann alikuwa wa pili, Hemery wa tatu. Kwa furaha Akii-Bua hakusimama. Aliendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Mimi nilikuwa na miaka 12, Mombasa, na habari tuliipata redioni. Tulifurahi kama kwamba ni mtoto wa mtaani petu. Lakini redio hiyo hiyo ilikuwa na habari nyengine ya Uganda. Mwezi mmoja nyuma, Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Wahindi na kuwapa siku 90 wawe wameondoka. Wakati kijana anaipandisha bendera Munich, familia nzima nzima zilikuwa zinafunga mizigo Kampala. Wazee wa nyumba yetu walinyamaza. Walikuwa wamewapokea jamaa zao kutoka Unguja mwaka 1964, waliokuja na nguo walizovaa, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa.

Amin alimpokea bingwa kwa shangwe. Akapandishwa cheo katika polisi, akapewa nyumba, na barabara mjini Kampala ikaitwa kwa jina lake. Mwezi Januari 1973 akashinda tena dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, kabila la Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Walango na Waacholi waliuawa kwa maelfu, na jamaa zake Akii-Bua walikuwamo. Mtu anapigiwa makofi na serikali ile ile inayowaua nduguze, na kuondoka hawezi, maana anatazamwa na kila mtu.

Habari hizi sikuzisoma kitabuni kwanza. Nilipokuwa skuli ya sekondari ya misheni tulikuwa na mwalimu wa hesabu, mkimbizi kutoka Uganda, kama walivyokuwa walimu wengi Kenya siku zile. Ndiye aliyetuchorea uwanja ubaoni akatuonyesha ubaya wa njia namba moja. Ilipofika Julai 1976 tulimngojea atueleze habari za Montreal. Hakuwa na la kueleza. Nchi za Afrika zilikuwa zimesusia Olimpiki, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya ragbi Afrika Kusini ya makaburu na bado ikaruhusiwa kushiriki. Uganda ikajitoa, na Kenya na Tanzania pia. Filbert Bayi hakukimbia, Akii-Bua hakukimbia. Mmarekani Edwin Moses akashinda, na rekodi ya Munich akaivunja siku hiyo hiyo.

Sisemi kwamba kususia kulikuwa kosa. Ubaguzi wa Afrika Kusini ulikuwa dhulma, na ilikuwa lazima mtu aseme. Ninachosema ni kuwa gharama waliilipa vijana, na umri wa mkimbiaji haungoji miaka minne mengine.

Mwaka 1979 utawala wa Amin ulipokuwa unaanguka, Akii-Bua alivuka mpaka na familia yake akaingia Kenya. Bingwa wa dunia akawa mkimbizi kambini. Kampuni ya viatu ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani, akaishi huko miaka kadhaa. Mwaka 1980 alikimbia tena Olimpiki, Moscow, lakini fainali hakufika.

Baadaye alirudi Uganda. Angebaki Ujerumani nani angemlaumu? Alirudi katika polisi ile ile, akawa anafundisha vijana kukimbia. Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, umri wake miaka 47, na serikali ikamfanyia maziko ya kitaifa. Uganda ilingoja mpaka Agosti 2012, karibu miaka 40 baada ya Munich, ndipo Stephen Kiprotich alipoleta dhahabu ya pili kwa kushinda marathoni London.

Mjukuu wangu aliniuliza swali moja tu: kwa nini alirudi? Nikamjibu kuwa sijui, lakini mimi nimeona watu waliopoteza nyumba na mashamba wakaishi miaka 50 wanahesabu walichonyang'anywa, na nimeona wengine walioondoka na kitu kidogo wanachokijua, ushoni, ualimu, upishi, wakawafundisha watoto wa watu. Familia nyingi zilizorudi Oman baada ya 1970 zina watu wa aina zote mbili ndani ya nyumba moja. Akii-Bua alikuwa wa aina ya pili.

Nikamwambia pia asidhani kuwa kila anayejitahidi anashinda. Montreal Akii-Bua hakushindwa na mtu, alinyimwa kukimbia. Na Muhammad Al-Malki wetu wa Oman, aliyefika fainali ya mita 400 Seoul mwaka 1988, alitoka wa nane, na mpaka leo tunamtaja kwa fahari.

Jana Laasiri nimemwona pwani, kachora kona mchangani kwa kijiti, anajifunza kuikimbia kwa ndani. Mbio zenyewe ni Jumatano. Nitakwenda kumtazama, inshallah.