Bragg, mtu aliyetufundisha kuona ndani bila kuvunja

Malakite wanayochonga mafundi wa Lubumbashi inaweza kutambuliwa kwa eksirei, kwa kanuni ya William Lawrence Bragg ya mwaka 1912. Alizaliwa Adelaide, Australia, mwaka 1890. Utotoni alivunjika kiwiko, na baba yake akakipiga eksirei. Mwaka 1915, akiwa na miaka 25, yeye na baba yake walipewa tuzo ya Nobel. Mwaka huohuo mdogo wake Robert alifia vitani Gallipoli.

Bragg alifariki mwaka 1971. Leo mainjinia hufuata kanuni yake wanapoficha nyuzi za kioo ndani ya kompoziti, nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ngumu, kama za mabawa ya ndege. Uzi ukivutika, rangi ya mwanga unaorudi hubadilika. Hivyo fundi hujua bawa limelemewa kabla ufa haujaonekana.