Hayati John Garang na Safari ya Mwisho Kutoka Rwakitura

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Msemo huo unamfaa sana mkulima aliyesimama shambani mwake, na askari aliye lindoni. Lakini kwa asafiriye angani una upungufu mmoja, kwani wingu analoliona mtu ni lile lililo juu ya kichwa chake, wala si lile linalomngoja mwisho wa safari. Maisha ya hayati Dakta John Garang de Mabior, mwanajeshi, msomi na kiongozi wa wananchi wa Sudan ya Kusini, yalikatika kwa sababu ya umbali uliopo kati ya mawingu hayo mawili. Yafaa wanajeshi na polisi wetu wayajue maisha hayo, na kifo hicho pia.

John Garang alizaliwa tarehe 23 Juni, 1945 katika kijiji cha Wangulei, sehemu za Bor, miongoni mwa Wadinka ambao ni wafugaji wa ng'ombe kama walivyo Wahima wa Ankole. Wazazi wake walifariki angali mtoto, na jamaa zake ndio waliomsomesha. Vita vya kwanza vya Sudan vilipopamba moto alitaka kujiunga na wapiganaji. Wakubwa wakamwona kuwa bado mdogo, wakamshauri aendelee na masomo. Akaja Tanzania kusoma shule ya sekondari, kisha akapata nafasi ya kwenda Marekani katika Chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, alikohitimu shahada ya uchumi mwaka 1969.

Angeweza kubaki huko Marekani, maana nafasi ya kuendelea na masomo ya juu ilikuwa wazi kwake. Yeye alichagua kurudi Afrika Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku zile kilikuwa kitovu cha fikra za ukombozi wa bara letu. Hapo ndipo alipofahamiana na kijana mwingine, Yoweri Museveni, aliyetoka Ankole. Wote wawili walikuwa katika umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, na urafiki wao ukadumu hata walipokuwa viongozi wa majeshi.

Baada ya hapo Garang aliingia msituni pamoja na wapiganaji wa Anyanya. Amani ilipotiwa sahihi mjini Addis Ababa mwaka 1972, aliingizwa katika jeshi la taifa la Sudan akiwa ofisa. Alipelekwa Fort Benning, Marekani, kwa mafunzo ya maofisa wa askari wa miguu, kisha akarudi Iowa na kupata shahada ya udaktari mwaka 1981. Utafiti wake ulihusu maendeleo ya Jonglei, eneo la mto Nile alikozaliwa. Kwa hiyo alikuwa mtu wa namna mbili kwa wakati mmoja: alijua kuongoza kikosi, na alijua kuhesabu mavuno.

Mwezi Mei 1983 askari wa kikosi cha Bor waliasi. Garang akajiunga nao, akavuka kuingia Ethiopia, na humo likaundwa jeshi la ukombozi la SPLA, yeye akiwa kamanda mkuu. Vita hivyo vilidumu zaidi ya miaka 20, na inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni mbili walikufa kwa risasi, njaa na maradhi.

Haitakuwa haki kumsifu bila kutaja upande wa pili. Jeshi lake lilishutumiwa kwa kuwatesa raia na kuwachukua watoto vitani, na yeye mwenyewe alilaumiwa kwa kutovumilia wapinzani. Mwaka 1991, serikali ya Mengistu iliyokuwa ikimsaidia ilipoanguka, makamanda wenzake kadhaa walijitenga, na Wadinka wa Bor wakauawa kwa wingi katika ugomvi huo wa ndugu kwa ndugu. Ni wachache waliodhani kwamba angeinuka tena baada ya pigo hilo, lakini aliinuka. Pia alijifunza kwamba bunduki peke yake haimalizi ugomvi. Mazungumzo yalifanyika Machakos na Naivasha nchini Kenya, mpatanishi akiwa mwanajeshi mwenziwe, Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Tarehe 9 Januari, 2005 mkataba wa amani ukatiwa sahihi mjini Nairobi.

Tarehe 9 Julai, 2005 aliapishwa mjini Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan. Umati mkubwa ajabu ulijitokeza kumlaki mtu ambaye kwa miaka 22 alikuwa akitajwa katika mji huo kama adui. Akashika madaraka hayo kwa majuma matatu tu.

Mwishoni mwa mwezi huo alikuja Uganda kuonana na rafiki yake wa zamani, Rais Museveni, katika makazi yake ya Rwakitura. Rwakitura iko upande wa kaskazini-mashariki ya mji wa Mbarara. Siku hizi iko katika wilaya ya Kiruhura, kama vile makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalivyo katika wilaya ya Isingiro, lakini sehemu zote hizo zilimegwa kutoka wilaya moja ya zamani ya Mbarara. Ni nchi moja yenye vilima, nyasi na ng'ombe, na majira yake ni mamoja.

Na hapa, ndugu msomaji, tuyatazame majira hayo. Mwezi Julai katika Mbarara ni kiangazi. Malisho hukauka, vumbi hufuka katika barabara ziendazo Isingiro, na askari aliye zamu Nakivale aweza kukaa juma zima asione wingu la maana juu ya ziwa. Lakini mwezi huohuo, kuanzia kaskazini ya Uganda na Karamoja hadi mashariki ya Equatoria katika Sudan ya Kusini, ni wakati wa mvua. Asubuhi huweza kuwa shwari, kisha jua likachemsha ardhi yenye unyevu, hewa ikapanda kwa nguvu juu ya milima, na ifikapo jioni ngurumo na radi zikatanda. Kwa hiyo mtu anayeondoka katika kiangazi cha Ankole kwenda huko anavuka kutoka majira mamoja kuingia mengine kwa muda wa saa chache. Mbingu ya nyumbani haimwambii lolote juu ya mbingu ya aendako.

Jumamosi tarehe 30 Julai, 2005 jioni, Dakta Garang aliondoka kupitia Entebbe akiwa ndani ya helikopta ya Rais wa Uganda, aina ya Mi-172, ambayo haikuwa imepita muda mrefu tangu ifanyiwe matengenezo makubwa. Alikuwa akienda New Site, kituo cha jeshi lake kilichokuwa karibu na mpaka wa Kenya. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba helikopta ilifika karibu na kituo, ikashindwa kutua kwa ubaya wa hali ya hewa, ikageuka. Giza lilikuwa linaingia. Ikagonga milima ya Zulia, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa: Garang na wasaidizi wake 6, pamoja na Waganda 7 waliokuwa wakiihudumia ndege hiyo.

Habari zilipothibitishwa, ghasia zilizuka Khartoum, Juba na kwingineko, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Uvumi wa kuuawa kwa njama ulienea haraka. Tume ya uchunguzi, iliyosaidiwa na wataalamu wa nje, ilitoa matokeo yake mwaka 2006. Haikuona ushahidi wa bomu wala wa hitilafu ya mtambo iliyosababisha ajali. Lawama iliangukia makosa ya kibinadamu katika urukaji, wakati wa hali mbaya ya hewa. Wako ambao hawakuridhika na matokeo hayo hata leo. Lakini kwa watu wa kazi ya ulinzi, maelezo hayo yana fundisho zito kuliko uvumi wowote.

Fundisho lenyewe ni hili. Jioni ile mawingu ya Equatoria hayakufichika kwa dunia nzima. Setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, iitwayo Meteosat, hukaa angani kiasi cha kilomita 36,000 juu ya mstari wa Ikweta, ikiitazama Afrika usiku na mchana. Tangu mwaka 2004 setilaiti za kizazi chake cha pili zilikuwa zikipiga picha ya bara letu kila baada ya dakika 15. Huyapima mawingu hata gizani kwa joto lake, kwani kilele cha wingu la radi huwa juu sana na chenye baridi kali. Picha hizo hupokelewa na idara za hali ya hewa za nchi nyingi za Afrika. Jambo gumu ni kumfikishia habari mtu mmoja aliye angani, mbali na miji, anayezihitaji kuliko wote.

Wakati huohuo, nchini Marekani, jambo hilo lilikuwa limeanza kutendeka, tena kwa ajili ya watu wa kawaida. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004, marubani wa ndege ndogo za binafsi waliweza kulipia huduma ya kupokea habari za hali ya hewa kwa setilaiti wakiwa wanaruka. Kifaa kidogo ndani ya ndege kiliwachorea ramani yenye mvua, radi na taarifa za viwanja vilivyo mbele yao. Mwenye ndege ya viti vinne aliweza kuiona dhoruba iliyo umbali wa saa nzima, akaamua mapema kuzunguka, kutua kwingine au kurudi alikotoka.

Rada ya ndani ya ndege haitoshi kushika nafasi hiyo. Rada huona mvua iliyo mbele, na mlima au mvua kubwa iliyo karibu huweza kuficha iliyo nyuma yake. Habari za setilaiti huonyesha nchi nzima kwa mara moja. Kwa lugha ya jeshi, rada ni doria ya mbele, na setilaiti ni taarifa ya makao makuu. Kamanda mwenye busara hutumia zote mbili.

Hata hivyo, taarifa ya makao makuu huweza kuchelewa. Mwaka 2012 wachunguzi wa ajali za usafiri wa Marekani waliwaonya marubani kwamba picha ya mvua inayoonekana katika kifaa huweza kuwa na umri wa dakika 15 hadi 20 zaidi ya ule ulioandikwa, na kwamba kuna waliokufa kwa kudhani wanaona hali ya sasa hivi. Dhoruba huweza kuhama kilomita nyingi kwa muda huo. Picha hizo hutumika kuikwepa dhoruba kwa mbali. Anayezitumia kupenya katikati ya mawingu mawili anajitafutia kifo. Tena setilaiti huona mgongo wa wingu. Haimwelezi rubani kama chini yake kuna nafasi ya kupita juu ya kilima.

Kilele cha msiba wa Zulia hakikuwa mwisho wa misiba ya namna hiyo. Tarehe 12 Agosti, 2012 helikopta tatu za kivita za Uganda, zilizokuwa zikielekea Somalia, zilianguka katika Mlima Kenya kukiwa na hali mbaya ya hewa, na askari wakapoteza maisha. Tangu hapo vifaa vimesonga mbele. Setilaiti mpya ya Meteosat iliyorushwa Desemba 2022 hupiga picha kila baada ya dakika 10 na hutambua hata mimweko ya radi, na simu na intaneti za setilaiti hufika mahali pasipo na nguzo hata moja ya mawasiliano.

Lakini kifaa hakimalizi kazi bila mtu. Katika kiwanja cha Nyakisharara, Mbarara, au katika uwanja wa nyasi ulio mbali na mji, askari aliyeko chini ndiye anayeona lile ambalo setilaiti haioni: wingu limeshuka hadi wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, kilima cha mbali kinaonekana au kimefichika. Akiulizwa kwa redio, aseme alionalo, wala asiseme analodhani mkubwa wake angependa kulisikia. Na rubani akisema leo hatuendi, aheshimiwe, hata kama abiria ni mkubwa wa cheo gani. Mkubwa aliyechelewa kwa siku moja bado ataifanya kazi yake kesho.

Dakta Garang alizikwa Juba tarehe 6 Agosti, 2005. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, miaka 6 kamili tangu siku alipoapishwa Khartoum, naye hakuiona siku hiyo. Desemba 2013 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na wananchi zaidi ya milioni moja wakakimbilia Uganda, wengi wao katika wilaya za kaskazini. Askari aliyefanya kazi Nakivale, mahali palipopokea wakimbizi wa Rwanda tangu kuelekea mwaka 1960 na ambapo sasa wanaishi watu wa Congo, Burundi, Somalia na kwingineko, anajua bila kuelezwa maana ya nchi kukosa amani. Hakuna awezaye kuapa kwamba Garang angeyazuia hayo yote. Lakini nchi changa ilihitaji kila kiongozi wake, na huyu ilimpoteza mlimani, kwa safari ambayo ingeweza kungoja hadi asubuhi.