Siti binti Saad: Sauti ya Fumba iliyobaki katika santuri

Mwezi Machi 1928, mwanamke wa Unguja asiyejua kusoma wala kuandika alivuka bahari hadi Bombay, India, akiwa na kundi lake la taarab. Huko aliimba kwa Kiswahili mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Santuri zilizotokana na safari hiyo zilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilinunuliwa dukani na kusikilizwa na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, katika familia ya watu maskini wenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alitembeza vyungu kwa miguu akinadi bidhaa yake. Sauti ya kunadi vyungu ndiyo iliyoanza kumjulisha kwa watu.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko alifundishwa uimbaji na Muhsin Ali, kisha akaungana na wanamuziki Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruku. Taarab ya wakati ule ilikuwa burudani ya jumba la Sultani na ya wenye nafasi, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliileta katika Kiswahili na katika mambo ya watu wa kawaida. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, likachukua nafasi ya Mtumwa.

Heshima hiyo haikuja bila vikwazo. Wapo waliomdhihaki kwa nasaba yake, kwa umaskini wa kwao na kwa sura yake, naye akawajibu kwa nyimbo. Aliimba pia juu ya dhuluma. Wimbo wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni mjini Zanzibar na namna mtuhumiwa alivyotoroka. Hivyo habari ambayo wanyonge waliizungumza barazani kwa sauti ya chini ikaingia katika santuri, ikasikika hadharani.

Santuri za Siti zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu unaokauka na kuwa mgumu, nazo zilizunguka mara 78 kwa dakika. Upande mmoja ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Santuri ya aina hiyo ikianguka sakafuni huvunjika kama kigae. Aidha, sindano ya chuma ya gramafoni ililamba mifereji yake kila ilipopigwa, na sauti ikapungua kidogo kidogo.

Leo santuri hizo hutafutwa na wakusanyaji wa nchi mbalimbali. Kabla ya kuuzwa, santuri huelekezwa kwenye mwanga ili kuona mikwaruzo na nyufa, kisha hupigwa ili kusikia kama kelele za uchakavu zimefunika sauti ya mwimbaji. Karatasi ya katikati huchunguzwa pia, pamoja na namba iliyogongwa karibu nayo, ambayo huonyesha ni rekodi ipi. Baada ya hapo hupewa daraja, kuanzia iliyo safi kama mpya hadi iliyochakaa kabisa. Daraja likishuka, kwa kawaida bei nayo hushuka.

Kipimo hicho kinafaa sokoni, lakini hakitoshi kupima kazi ya Siti. Santuri iliyo safi kama mpya ni ile ambayo haikusikilizwa sana. Iliyochakaa ndiyo iliyopigwa arusini, mikahawani na barazani hadi mifereji ikalika. Ndiyo maana zilizo nzima ni chache. Wasikilizaji wake hawakuziweka kabatini kama mali ya kuuza baadaye. Kwao zilikuwa sauti ya mtu wa kwao.

Siti alifariki dunia mwezi Julai 1950. Mwishoni mwa maisha yake alimsimulia Shaaban Robert habari zake, naye mwandishi huyo akaandika wasifu wake. Bi Kidude aliendelea kuziimba nyimbo zake hadi alipofariki mwaka 2013. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania nacho kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Kwa mwananchi mwenye santuri ya zamani nyumbani, awe Fumba au Suguti mkoani Mara, uchakavu si sababu ya kuitupa. Santuri ya shelaki isimamishwe wima ndani ya bahasha yake, mbali na jua na unyevu, wala isilundikwe. Isisafishwe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huyeyusha shelaki. Isipigwe kwa sindano ya santuri za plastiki zilizokuja baadaye, kwa kuwa mifereji yake ni mipana zaidi. Kabla ya kukubali bei ya mnunuzi, ni vyema sauti iliyomo inakiliwe kwanza. Santuri ikishauzwa nje ya nchi si rahisi kurudi, na huenda wimbo uliomo haupo katika santuri nyingine yoyote iliyosalia.