Johnny Unitas: Namba 102 aliyetemwa bila kurusha hata pasi moja

MSIMU wa 1955 ulikuwa haujaanza pale Pittsburgh Steelers walipomwita kijana mmoja wa hapohapo mjini na kumtaka akusanye vitu vyake aondoke kambini. Alikuwa na miaka 22, mke nyumbani, na kazi hana. Katika mechi zote za maandalizi hakupewa hata dakika moja ya kurusha mpira. Kocha alishaamua kwamba jamaa hafai.

Kijana huyo aliitwa Johnny Unitas. Miaka mitatu baadaye aliichezesha timu nyingine mpaka ikabeba ubingwa wa NFL katika mchezo ambao wengi bado wanauita bora kuliko yote iliyowahi kuchezwa kwenye ligi hiyo. Kila mwaka maskauti wa NFL wanapokaa kuwachambua vijana wa vyuo vikuu, jina lake linarudi mezani. Ndiye kielelezo cha kwanza cha jinsi wataalamu wanavyoweza kutazama mchezaji na wasimwone.

KAZI NGUMU KULIKO ZOTE

Kwa shabiki aliyekulia kwenye soka letu, kwotabeki ni kama namba 10 mwenye kitambaa cha unahodha, ila kazi yake ni nzito zaidi. Karibu kila shambulizi linaanza na mpira mikononi mwake. Ana kama sekunde tatu hivi. Ndani ya muda huo anatakiwa kusoma mabeki 11 wamejipangaje, amtafute mwenzake atakayekuwa huru, na arushe mpira kabla majitu ya kilo 120 hayajamlaza chini. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, inampa mpinzani mpira.

Klabu za NFL hazigombanii vijana wa vyuo kwenye dirisha la usajili kama huku kwetu. Zinapanga foleni na kuwachagua mmoja mmoja kwa zamu, na timu iliyofanya vibaya ndiyo inayoanza. Hiyo ndiyo drafti. Mashabiki wa hapa wanaijua kupitia kikapu, pale Mtanzania Hasheem Thabeet alipochukuliwa namba 2 na Memphis Grizzlies kwenye drafti ya NBA mwaka 2009.

Siku hizi kabla ya drafti kuna kambi ya majaribio, iliyoanza mwaka 1982. Kwotabeki anapimwa urefu, uzito, ukubwa wa kiganja na mbio za yadi 40. Video zake zinatazamwa mpaka macho yanauma. Enzi za Unitas hakukuwa na hayo. Klabu nyingi zilitegemea taarifa za magazeti, simu kwa makocha wa vyuo na maneno ya mtu aliyemwona mchezaji mara moja. Hata hivyo maswali yalikuwa yaleyale: ana mwili? Ana mkono? Ana kichwa?

MTOTO WA MAKAA YA MAWE

Unitas alizaliwa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Mei 7, 1933, katika familia yenye asili ya Lithuania. Mwaka huohuo, mjini humohumo, ndipo ilipoanzishwa klabu iliyokuja kuitwa Steelers. Baba yake alikuwa na biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe. Alifariki Johnny akiwa na miaka mitano tu. Mama, Helen, akabaki na watoto wanne, akaibeba biashara ile huku akifanya vibarua vingine.

Sekondari alisoma St. Justin's, shule ndogo ya Kikatoliki, na hapo ndipo alipoanza kucheza kwotabeki. Ndoto yake ilikuwa Notre Dame, chuo chenye jina kubwa kuliko vyote kwenye mchezo huo. Wakamtazama, wakaona mwembamba mno. Alikuwa na kilo 66 hivi, na waliogopa ataumizwa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh nacho kikamtaka, lakini akafeli mtihani wa kuingia.

Louisville, huko Kentucky, ndiko walikompa nafasi mwaka 1951, chini ya kocha Frank Camp. Hakikuwa chuo kikubwa kwenye mchezo huu. Mechi ya kwanza aliyoanza, dhidi ya St. Bonaventure, alikamilisha pasi 11 mfululizo na kutoa tachidauni tatu. Louisville wakafungwa 22-21.

Mwaka uliofuata uongozi wa chuo ukapunguza uzito wa michezo, na wachezaji kadhaa wakapoteza ufadhili. Wengi wakatimka. Unitas angeweza kuondoka, lakini alibaki. Kikosi kikawa chembamba kiasi kwamba alishambulia, kisha akageuka kukaba. Msimu wa 1953 walishinda mchezo mmoja tu kati ya minane.

Hapa ndipo skauti mvivu anapopotea. Akisoma karatasi anaona pasi za tachidauni 27 na yadi 3,139 kwa miaka minne, na timu inayofungwa kila wiki. Haoni kwamba kijana alikuwa anarusha huku ameshazungukwa, bila wenzake wa kumlinda, na bado mkono hautetemeki. Mwili nao ulishajengeka. Alimaliza chuo akiwa na urefu wa sentimita 185 na kilo 86.

WATATU WALIBAKI, YEYE AKAONDOKA

Drafti ya mwaka 1955 ilikuwa na raundi 30 na wachezaji 360. Chaguo la kwanza kabisa lilikuwa la Baltimore Colts, nao wakamchukua George Shaw, kwotabeki wa Oregon. Kwenye namba 3 Colts haohao wakamchukua Alan Ameche, mkimbiaji aliyetoka kushinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Steelers walimkumbuka kijana wa nyumbani kwenye raundi ya tisa, namba 102.

Kambini alikuta foleni. Jim Finks alikuwa mzoefu, Ted Marchibroda alikuwa amerudi kutoka jeshini, na Vic Eaton alikuwa mgeni mwenzake kutoka Missouri. Makwotabeki wanne, nafasi tatu. Kocha Walt Kiesling hakumpa Unitas muda, na inasimuliwa kwamba alimwona hana akili ya kutosha kuiongoza timu ya kulipwa.

Waliomwona vizuri walikuwa watoto wa mwenye timu, Art Rooney. Baada ya mazoezi walibaki uwanjani kudaka pasi zake, na mmoja wao akamwandikia baba yake barua ndefu kumsihi asimwachie jamaa huyu. Mzee hakutaka kumwingilia kocha. Unitas akatemwa, na safari ya kurudi nyumbani akaifanya kwa kuomba lifti barabarani ili kubana matumizi.

DOLA SITA KWA MECHI

Msimu huo wa 1955 alifanya kazi ya ujenzi mjini Pittsburgh. Jioni na wikiendi alikuwa anakipiga Bloomfield Rams, timu ya mtaani, kwenye uwanja wa vumbi wenye nyasi za kuhesabu. Alicheza kwotabeki, akakaba nyuma, na mipira ya kubutua mbele akabutua yeye. Malipo yalikuwa dola sita kwa mechi.

Wengi wangekata tamaa hapo. Mtu ana familia, ametemwa na timu ya mji wake, anapigwa mateke kwa dola sita. Unitas aliendelea kwa sababu moja tu: alitaka siku simu ikilia, imkute mkono wake uko tayari.

Simu ililia mwaka 1956. Colts walikuwa wanatafuta kwotabeki wa akiba wa bei poa, na meneja wao Don Kellett akamwita kwenye majaribio. Kocha Weeb Ewbank alimtazama akirusha, akampa mkataba wa dola 7,000. Namba moja alikuwa Shaw, lile chaguo la kwanza la drafti.

Katika mchezo wa nne wa msimu, ugenini kwa Chicago Bears, Shaw akaumia mguu. Unitas akaingia. Pasi yake ya kwanza ilinaswa na J.C. Caroline, ambaye alikimbia nayo mpaka mwisho na kufunga. Muda mfupi baadaye Unitas akashindwa kumkabidhi mwenzake mpira, ukaanguka, Bears wakauokota. Colts walilala 58-27.

Maskauti wote waliompita wangeweza kucheka usiku ule. Ila Ewbank alimwacha uwanjani, na wiki iliyofuata wakawafunga Green Bay Packers. Msimu ulipoisha, Unitas alikuwa amekamilisha asilimia 55.6 ya pasi zake, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa na mgeni. Shaw hakuipata tena nafasi yake.

DESEMBA 28, 1958

Wakati huo Unitas alikuwa amekutana na Raymond Berry, mdakaji aliyechaguliwa raundi ya 20 mwaka 1954. Naye hakuwa na mbio, na macho yake yalihitaji lenzi. Mazoezi yakiisha, wenzao wanaenda kuoga, wawili hawa wanabaki. Pasi ileile, hatua zilezile, mara mia. Wakafika mahali ambapo Unitas alirusha mpira kabla Berry hajageuka.

Katikati ya msimu wa 1958 Unitas alivunjika mbavu tatu na pafu likatobolewa. Alikosa mechi mbili tu, akarudi akiwa amevaa kinga kifuani. Kisha ikaja fainali dhidi ya New York Giants kwenye Uwanja wa Yankee, mbele ya watu zaidi ya 64,000 na mamilioni kwenye televisheni.

Colts walikuwa nyuma 17-14, zimebaki chini ya dakika mbili, na mpira uko kwenye yadi yao ya 14. Kila mtu uwanjani alijua pasi zinaenda kwa Berry, na bado zikaenda: tatu mfululizo, yadi 62. Zikiwa zimesalia sekunde saba, Steve Myhra akapiga mpira katikati ya nguzo na kusawazisha.

Kwa mara ya kwanza ubingwa wa NFL ukaamuliwa kwa muda wa nyongeza, mwenye kufunga kwanza anaondoka na kombe. Giants walianza na mpira, wakakwama. Unitas akaipeleka Colts yadi 80 kwa michezo 13, akipanga kila mchezo kichwani mwake mwenyewe, bila maelekezo kutoka benchi. Yule aliyeambiwa hana akili ya kutosha alikuwa anawachezesha mabeki bora wa ligi kama watoto. Ameche akamalizia kwa kupenya yadi moja. Colts 23, Giants 17.

Hesabu ya drafti kwenye shambulizi lile inachekesha. Mfungaji alikuwa namba 3, mdakaji mkuu raundi ya 20, na aliyewaongoza wote alikuwa namba 102 wa timu nyingine. Yule namba 1 alikuwa anasugua benchi.

REKODI NA MAUMIVU

Mwaka uliofuata waliwafunga Giants tena, 31-16. Kuanzia 1956 hadi 1960 Unitas alitoa angalau pasi moja ya tachidauni katika mechi 47 mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu mpaka Drew Brees alipoivunja mwaka 2012. Akawa wa kwanza kuvusha yadi 40,000 za pasi, na akamaliza na tachidauni 290. Jezi namba 19, nywele fupi za kijeshi na viatu vyeusi vya shingo ndefu vikawa alama ya mji wa Baltimore.

Mchezo ulimlipa, na ulimdai. Mwaka 1968 mkono wake uliumia, na Januari 1969 aliingia Super Bowl ya tatu akitokea benchi, Colts wakafungwa 16-7 na New York Jets ya Joe Namath. Miaka miwili baadaye walibeba Super Bowl ya tano kwa kuwafunga Dallas Cowboys 16-13. Unitas alitoa tachidauni ya yadi 75 kwa John Mackey kabla ya kuumia na kutolewa. Mwaka 1973 alihamia San Diego Chargers, akatundika viatu mwaka 1974, na mwaka 1979 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo.

Uzeeni, ule mkono wa kulia ulioitwa wa dhahabu ulikuwa umeharibika kiasi cha kushindwa kushika vitu vizuri. Colts walipohamishiwa Indianapolis mwaka 1984 alikata uhusiano na klabu. Kwake Colts ilikuwa Baltimore, basi. Alifariki kwa mshituko wa moyo Septemba 11, 2002, akiwa mazoezini jirani na jiji hilo. Alikuwa na miaka 69.

SOMO KWA MASKAUTI

Kiesling hakuwa mjinga, na Steelers hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na nafasi tatu na wakachagua kwa walichokiona haraka. Tatizo ni kwamba sifa kubwa za kwotabeki hazionekani haraka. Mita inapima urefu na saa inapima mbio. Kutulia wakati mpira wa kwanza umenaswa, kubaki uwanjani wenzako wakienda kuoga, kusoma mabeki huku mbavu zinauma, hayo yanataka mtu akupe muda.

Na kosa bado linajirudia, pamoja na kompyuta na kambi zote. Tom Brady alichaguliwa namba 199 mwaka 2000. Brock Purdy alikuwa wa mwisho kabisa, namba 262, mwaka 2022, na hakuchukua muda akawa anaanza San Francisco 49ers.

Steelers wenyewe walikaa muda mrefu bila ubingwa. Ilibidi wapate chaguo la kwanza la drafti ya 1970 ili wamchukue kwotabeki Terry Bradshaw, na taji lao la kwanza lilikuja Januari 1975. Miezi michache kabla ya hapo, kijana wa mjini kwao, waliyezaliwa naye mwaka mmoja, alikuwa amestaafu akiwa na mataji matatu. Yote aliyabebea Baltimore.