Sheikh Kaluta Amri Abedi na Sheria za Mashairi

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Ujiji, kando ya ziwa la Tanganyika, akasoma Tabora. Zamani zile walikuwako watu waliodhani ya kuwa ushairi ni urithi wa Lamu, Mombasa na Unguja, na mtu wa bara hana fungu humo. Naye hakushindana nao kwa maneno. Alijifunza kazi ya mabingwa, hata mwaka 1954 kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo alibainisha vina, mizani, vituo na beti. Elimu iliyokuwa ikipokewa zaidi kwa masikio ikakaa katika karatasi, na kila msomaji, awe wa kabila lo lote, akaweza kupima shairi kwa kipimo kimoja.

Mwaka 1960 akawa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza. Mwaka 1963 Waziri wa Sheria. Akafariki Oktoba 1964 huko Ujerumani.

Baada yake, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa la Viktoria, kaskazini ya Geita na Shinyanga, alitoa Kichomi, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Mabishano yakawa makubwa, na waliotetea kawaida za kale wakakishika kitabu cha Amri kuwa ngao yao. Basi mlinzi wa mapokeo ya pwani akawa ni mtu wa Ujiji. Ushairi humjua mwenye kuutumikia, wala hauulizi amezaliwa wapi. Mwenyezi Mungu amrehemu.