Denis Burkitt, muganga wa jicho moja aliyefuata kansa mpaka ndani ya sahani

Siku hizi kuna ujumbe unaopita katika simu, kutoka Baraka mpaka milimani Bibokoboko: acha nyama, acha samaki, acha maziwa, kula mimea tu, na kansa haitakupata. Kwa mfugaji ambaye ng'ombe ndiyo mali yake na maziwa ndiyo chakula cha watoto wake, neno hilo si dogo. Kwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika pia si dogo.

Mmoja wa watu waliofungua mazungumzo haya duniani alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland. Alifanya kazi miaka 20 hapa jirani, Uganda, na somo lake kubwa alilipata kwa kutazama chakula cha wanakijiji wa Afrika. Jina lake ni Denis Burkitt. Maisha yake yanasaidia kutenganisha ukweli na uvumi.

Kijana wa Enniskillen

Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili mwaka wa 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa barabara, lakini alijulikana zaidi kwa kupenda ndege. Aliwafunga pete miguuni, kisha akachora kwenye karata mahali ambapo kila ndege anakaa. Baadaye mtoto wake alifanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila yeye alichora magonjwa.

Alipokuwa na miaka 11, alipigwa na jiwe usoni, miwani ikavunjika, na jicho moja likapotea. Chuo kikuu Dublin alianza na masomo ya uinjinia, kisha akahamia uganga na kumaliza mwaka wa 1935. Alikuwa Mkristo mwenye imani kali, na aliamini kwamba Mungu anamwita Afrika. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni ya Waingereza, walimkatalia kwa sababu ya jicho lake. Jeshi lilimkubali wakati wa vita vya pili vya dunia, likamtuma Kenya na Somalia. Vita vilipokwisha, mlango ulifunguka. Mwaka wa 1946 alifika Lira, kaskazini mwa Uganda.

Huko Lira alikuwa akipasua wagonjwa wa busha. Akaona jambo moja: upande mmoja wa wilaya wagonjwa wa busha walikuwa wengi, upande mwingine walikuwa wachache sana. Watu ni wale wale, hospitali ni ile ile. Tangu siku hizo, kila alipokutana na ugonjwa alikuwa na swali la pili: unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Uvimbe wa taya na safari ya wiki 10

Mwaka wa 1948 alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita aone mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Alianza kufungua madaftari ya zamani ya hospitali na kuhesabu. Mwaka wa 1958 aliandika kwamba hiyo ni aina moja ya kansa ya watoto. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Kisha akauliza swali lake la Lira. Aliandikia hospitali za serikali na za misioni Afrika nzima, akiwatumia picha za uvimbe huo. Mwezi wa 10 mwaka wa 1961 aliondoka Kampala na waganga wenzake wawili wa misioni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walipanda gari kuukuu aina ya Ford, lililonunuliwa kwa pauni 250. Walizunguka wiki 10, kilometa karibu 16.000, wakishuka mpaka Afrika ya Kusini. Walipofika hospitali, walionyesha picha na kuuliza kama ugonjwa ule uko.

Karata iliyotokea iliwashangaza. Kansa hiyo ilifuata inchi za joto na mvua. Katika milima mirefu yenye baridi, ilipotea. Mtu wa Fizi anaweza kuelewa jambo hilo bila shida. Kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye urefu wa mita 770 hivi, joto ni kubwa na mbu hawalali. Ukipanda kuelekea nyanda za juu, baridi inaongezeka na malaria inapungua. Leo wataalamu wanakubali kwamba limfoma ya Burkitt katika Afrika inaenda pamoja na malaria kali, na pia virusi fulani. Virusi hivyo vilionekana mwaka wa 1964 huko London na Anthony Epstein na wenzake, ambao walichunguza uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Epstein alikuwa amemsikia Burkitt akieleza habari za ugonjwa huo mwaka wa 1961.

Burkitt pia aliona kwamba dawa za kansa ziliweza kuponya baadhi ya watoto hao, hata bila mashine kubwa za mionzi. Wakati ambapo wengi waliona kansa kama hukumu ya kifo, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Kutoka taya mpaka tumbo

Mwaka wa 1966 alirudi Uingereza, akiwa na miaka 55. Huko London alikutana na daktari wa zamani wa jeshi la maji, Peter Cleave. Cleave alikuwa akisema kwa miaka mingi kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vinaleta magonjwa mengi ya wazungu. Wataalamu wengi hawakumsikiliza. Burkitt alimsikiliza, kwa sababu alikumbuka alichoona Mulago. Katika miaka 20 ya kupasua watu Uganda, alikutana mara chache sana na kansa ya utumbo mpana, mawe ya nyongo, au hata apendisiti kwa wanakijiji. Huko Uingereza magonjwa hayo yalijaza hospitali.

Akatumia tena njia yake: barua. Kila mwezi alipokea majibu kutoka hospitali nyingi za misioni Afrika na Asia. Pamoja na wenzake, kati yao Alec Walker wa Afrika ya Kusini, alipima hata kitu ambacho waganga wengi waliona haya kukitaja: haja kubwa. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilikaa siku tatu na zaidi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 1972.

Burkitt alieleza tofauti hiyo kwa nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuyeyusha. Zimo katika maharagwe, mahindi yasiyokobolewa, viazi vitamu, sombe, lengalenga na matunda. Kwa mawazo yake, nyuzinyuzi zinapunguza nguvu ya sumu zilizomo katika uchafu na kuufanya utoke haraka, kabla haujaumiza ukuta wa utumbo. Kitabu chake cha mwaka wa 1979 kilisomwa katika inchi nyingi, na watu wa Ulaya walianza kununua tena mikate ya ngano isiyokobolewa.

Hapa inafaa kusema wazi: Burkitt hakuhubiri kuacha nyama na maziwa kabisa. Alihubiri kurudisha chakula kizima cha mimea kwenye sahani, na kupunguza sukari, unga mweupe na mafuta.

Je, alikuwa na haki?

Si katika kila jambo. Katika vijiji vya Afrika wakati ule, watu wengi hawakufikia uzee, na kansa ya utumbo mpana hushika zaidi wenye umri mkubwa. Wengine walikufa bila kufika hospitali wala kupimwa. Kwa hiyo hesabu zake zilikuwa na matundu. Mwaka wa 1999, uchunguzi wa wauguzi wanawake zaidi ya 88.000 wa Marekani haukuona kinga yoyote ya nyuzinyuzi. Mwaka wa 2003, uchunguzi wa watu zaidi ya laki tano katika inchi 10 za Ulaya uliona kinga. Leo wataalamu wengi wanaona kwamba nafaka zisizokobolewa na nyuzinyuzi zinapunguza hatari ya kansa ya utumbo mpana.

Mwaka wa 2015, wachunguzi walibadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 walikula chakula cha kijijini Afrika ya Kusini, na wanakijiji 20 wa huko wakala chakula cha Kimarekani chenye nyama na mafuta mengi. Katika wiki mbili tu, dalili za hatari katika utumbo zilipungua kwa Wamarekani na zikaongezeka kwa wanakijiji.

Mwaka ule ule, shirika la afya duniani, OMS, kupitia kituo chake cha uchunguzi wa kansa, lilitangaza kwamba nyama za kiwandani, kama sosiji, zinaleta kansa. Kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la vitu ambavyo labda vinaleta kansa.

Na wale wanaokula mimea pekee? Uchunguzi wa Waadventista karibu 77.000 wa Amerika ya Kaskazini, uliotolewa pia mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba wasiokula nyama, wote pamoja, walipata kansa ya utumbo mpana na ya mwisho wa utumbo kwa asilimia 22 chini ya wanaokula nyama. Waliofanya vizuri kuliko wote ni wale waliokula mimea pamoja na samaki. Kwa wale wa mimea pekee, tofauti ilikuwa ndogo, na wachunguzi hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba haikutokea kwa bahati tu.

Somo kwa Fizi

Hugh Trowell, yule aliyemwita Burkitt mwaka wa 1957 na baadaye kuandika naye kitabu juu ya nyuzinyuzi, alikuwa amejulikana kwanza kwa kazi nyingine: kwashiorkor, ugonjwa wa watoto wanaovimba miguu na tumbo kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Waganga hao wawili walijua pande zote mbili. Kuna mtu anayeugua kwa kula nyama na sukari kupita kiasi, na kuna mtoto anayeugua kwa kukosa maziwa, maharagwe au ndagala.

Bibokoboko na vijiji vingi vya Fizi, vita vimefukuza watu mashambani na kupora ng'ombe. Mzazi aliyekimbia na kubaki na bugali mtupu asidanganywe na ujumbe wa simu kwamba kumnyima mtoto maziwa ni kumlinda na kansa. Kwa mwenye pesa kidogo mjini Baraka, hatari iko upande mwingine: kuona aibu ya maharagwe na sombe kama chakula cha maskini, na kujivunia soda, sosiji na mikate myeupe. Na mtu yeyote anayeona damu katika haja kubwa, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki nyingi, aende kituo cha afya. Hakuna sahani inayochukua nafasi ya muganga.

Denis Burkitt alikufa tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka wa 1993 huko Uingereza, akiwa na miaka 82. Alikuwa amepewa heshima nyingi, na alizunguka dunia akifundisha mambo ya chakula kile kile ambacho wamama wa Fizi wanatwanga kila jioni.